Ini la Mtoto na Njia ya Nyakanazi

Katika Heru Juu, ambako zamani yalikuwako makao ya Mwami wa Heru, na ambako hata leo ukungu wa asubuhi za masika hulifunika bonde la Kasulu hata mtu asione ila kusikia, tumbo la mtoto likivimba hupewa jina kabla halijafika zahanati. Huitwa minyoo, au huitwa bandama, au huitwa utapiamlo. Na waliotoa majina hayo hawakuyatoa kwa ujinga, kwa kuwa malaria ikimrudia mtoto mara kwa mara huivimbisha bandama yake kweli kweli, na minyoo ipo, na njaa ya miezi ya kungoja mavuno nayo ipo. Lakini hutokea, kwa nadra, tumbo ambalo halimo katika hayo matatu. Ni tumbo la mtoto ambaye ini lake limeota uvimbe usio wa saratani, naye anakula vizuri, anacheza, na hana homa, ilhali ubavu wake wa kulia unajaa mwezi baada ya mwezi.

Uvimbe wa ini kwa watoto ni maradhi machache, na katika hayo machache kiasi cha theluthi moja tu ndiyo isiyo saratani. Uchache huo ndio uliofanya jambo lenyewe lisizungumzwe, na ukimya huo humpata mzazi siku anapoambiwa, akalazimika kukata shauri juu ya kitu ambacho hajapata kukisikia kwa jirani yeyote. Kwa hiyo nimeona heri nisiandike risala ya sauti moja, bali niwakalishe barazani watu watano na kuwaacha washindane kwa hoja. Wasemaji wenyewe nimewatunga na mtoto wao nimemtunga. Hoja zao hazikutungwa, kwani ndizo zinazosemwa vibarazani, wodini na ndani ya mabasi. Yupo Mama, mzazi wa mtoto wa kike wa miezi 14. Yupo Maalim, mzee mzaliwa wa Ujiji, ambaye ujanani alikwenda kukata mkonge Tanga kama walivyokwenda Waha wengi wa rika lake, akarudi na lugha ya pwani na hadhari ya mtu aliyeona mengi. Yupo Tabibu wa kituo cha afya. Yupo Mweka Hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, mwanamke mfanyabiashara wa maharage. Na yupo Daktari, mpasuaji wa watoto, mwana wa Heru Juu aliyekuja likizo.

Mama: Shikamoo Maalim, na nyote shikamooni. Nauliza neno moja. Mtoto huyu nilimjua kwa mgongo wangu. Kila nikimfunga kwa kanga niende shambani nilisikia kitu kigumu kikinisukuma upande wa kulia, na mwezi uliofuata kikanisukuma zaidi. Bibi yake akasema ni bandama, achanjwe chale. Nikakataa, nikashuka naye Kasulu. Wakampiga ultrasaundi, wakaniambia ni uvimbe wa ini, na kwamba yamkini si saratani. Nikashukuru. Sijamaliza kushukuru, wakaniambia pengine atapasuliwa. Sasa ikiwa si saratani, apasuliwe kwa nini?

Maalim: Marahaba, mwanangu. Swali lako ndilo langu pia, na naliunga mkono kwa sababu mbili. Ya kwanza, mtoto hana maumivu, na mtu asiyeumwa kupelekwa kwenye kisu ni jambo linalohitaji hoja kubwa kuliko mtu aliyezidiwa, maana aliyezidiwa hana cha kupoteza, na huyu anacho chote. Ya pili, ini si kidole. Kila aliyewahi kupasua mbuzi wa sikukuu anajua kwamba ini ukilitia kisu halitoi damu mahali pamoja kama mshipa uliokatika, bali hutoka damu uso wote, kama sponji iliyokamuliwa. Ikiwa maradhi yenyewe hayana shari, na dawa yake ina shari, insafu iko wapi?

Tabibu: Insafu iko katika kujua kwanza ni uvimbe gani, Maalim, maana hapa tumezoea kugawa mambo mawili tu, saratani na salama, ilhali baina ya mawili hayo kuna uwanja mpana. Saratani husafiri, huliacha ini ikaenda mapafuni. Huu usio saratani hausafiri, lakini unaweza kuua papo hapo ulipokaa. Upo uvimbe wa mishipa ya damu, uitwao hemanjioma, ambao humjia mtoto mchanga katika wiki na miezi ya kwanza. Ukiwa mmoja na mdogo, aghalabu hunywea wenyewe polepole, na mtoto hana habari nao. Lakini ukitapakaa ini zima, damu hupita humo kwa wingi na kwa kasi hata moyo wa mtoto ukachoka kwa kuusukumia, akawa anahema akinyonya, anatoka jasho, haongezeki uzito. Na uvimbe huo huo huvunja homoni ya tezi ya shingo, mtoto akalegea na kuchelewa akili kwa upungufu ambao dawa yake ni kidonge tu, kama kuna aliyekumbuka kupima. Hayo yote bila saratani.

Mama: Basi na huyo naye hupasuliwa?

Tabibu: La, na hapo Maalim ana hujja. Huyo siku hizi kisu si cha kwanza kwake. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, akiwamo Christine Léauté-Labrèze, waliandika kwamba watoto waliopewa propranololi, dawa ya moyo iliyopatikana tangu miaka ya 1960, hemanjioma zao za ngozi zilififia. Hawakuitafuta faida hiyo. Waliwapa dawa kwa ajili ya moyo, wakaiona kwenye ngozi. Tangu hapo dawa hiyo imetumika hata kwa hemanjioma za ini, na watoto ambao zamani wangefungwa mshipa wa ini au kukatwa wameponea kwenye kijiko. Vidonge vyenyewe vinajulikana hata huku kwetu, kwa wagonjwa wa shinikizo la damu. Ila si vya kuanza nyumbani: hupimwa kwa uzito, mapigo ya moyo huhesabiwa, na mtoto hupewa akiwa ameshiba, asije akashuka sukari.

Maalim: Umenipa ushindi kwa mkono wako mwenyewe.

Daktari: Amekupa nusu yake, Maalim, na nusu iliyobaki naomba uniachie. Picha ya mtoto huyu nimeiona. Uvimbe wake si wa mishipa. Umejaa vifuko vya maji, vikubwa kwa vidogo, vimetenganishwa na kuta kama vyumba, upande wa kulia wa ini. Umbo hilo, katika umri chini ya miaka 2, hutupeleka kwenye uvimbe uitwao hamatoma ya mesenkima. Hauna dawa ya kunywa. Baadhi yake umepata kuonekana ukipungua, lakini mwingi hukua, na hukua kwa maji, ndiyo maana tumbo huongezeka upesi ilhali mtoto mwenyewe ni mzima. Ukifikia kiasi huusukuma juu ukuta unaotenga kifua na tumbo, mtoto akakosa pumzi, na huubana mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka miguuni. Tena imeandikwa, mara chache lakini imeandikwa, kwamba kutoka katika uvimbe huu ulioachwa, au ulioondolewa nusu, ilizuka baadaye saratani ya tishu laini za ini. Kwa hiyo huu tunauondoa, wote, na pambizo kidogo ya ini lisilo na uvimbe pamoja nao.

Hapa mwandishi ataomba kukatiza, kwa sababu maneno hayo ya Daktari husemwa upesi mno hospitalini, baina ya mgonjwa mmoja na mwingine, na mzazi huondoka na neno moja tu, "watauondoa", bila kupata sura ya jinsi kitu kinavyoondolewa katika kiungo ambacho Maalim amekieleza kwa haki kabisa. Khofu ya mzazi haiondolewi kwa kuambiwa asiogope. Hupungua anapoonyeshwa hatua. Nimemwomba Daktari azieleze zote, naye akazieleza kwa utulivu, huku akionyesha juu ya tumbo lake mwenyewe.

Daktari: Ini lina milango. Damu huingia kwa mishipa miwili chini yake, mmoja kutoka matumboni na mmoja kutoka moyoni, na hutoka kwa mishipa mitatu juu yake. Katika miaka ya 1950 Mfaransa Claude Couinaud alilichunguza akaonyesha kwamba ndani yake limegawanyika vipande 8, kila kimoja na mshipa wake wa kuingizia damu na kijia chake cha nyongo, hata ukaweza kutoa kimoja au vinne na vilivyobaki visijue. Kabla ya elimu hiyo mtu alikata palipovimba. Baada yake mtu hukata kwa kufuata mipaka. Basi mtoto hulazwa usingizi, hupasuliwa chini ya mbavu kutoka kulia kuelekea kushoto, ini hufunguliwa kamba zake zinazolishikiza kwenye ule ukuta unaotenga kifua na tumbo ili liweze kugeuzwa. Kisha hupitishwa utepe kuzunguka shina lile la chini, penye mishipa ya kuingizia damu na mfereji wa nyongo, ukawa tayari kukazwa. Mbinu hiyo ni ya mwaka 1908, ya Pringle, mpasuaji wa Glasgow: ukikaza utepe, damu inayoingia hukatika, nawe unafanya kazi kwa kiasi cha dakika 15, kisha unalegeza ini lipumue dakika 5, halafu unakaza tena. Katika dakika hizo hatukati kama mchinjaji anavyokata. Tunaiponda nyama ya ini taratibu kwa koleo jembamba. Nyama hulainika ikaanguka, na mishipa na vijia vya nyongo, ambavyo ni vigumu zaidi, hubaki vimesimama kama nyuzi, nasi tunavifunga kimoja kimoja na ndipo tunavikata. Hospitali tajiri zina mashine ya mawimbi inayofanya upondaji huo. Koleo na subira hufanya kazi hiyo hiyo.

Maalim: Na damu?

Daktari: Damu ndiyo hesabu yenyewe. Mtoto ana kiasi cha mililita 80 za damu kwa kila kilo ya mwili. Huyu ana kilo 9, basi damu yake yote haifiki robo tatu ya lita. Mtu mzima akipoteza mililita 200 hujifuta jasho akaendelea. Huyu akipoteza mililita 200 amepoteza zaidi ya robo ya damu aliyo nayo duniani. Kwa hiyo mtu muhimu kuliko mimi chumbani humo ni daktari wa usingizi aliyezoea watoto, anayeiweka damu ya mishipa mikubwa isijae kupita kiasi ili mkato usitiririke, na anayejua kwa macho, kabla ya mashine, kwamba mtoto anapungua. Na damu ya akiba iwe imepimwa na kuwekwa mezani kabla sijagusa ngozi. Kama havipo hivyo viwili, mimi ni mtu mwenye kisu tu, nami sipasui.

Mama: Na akishatolewa, ini lililobaki litamtosha?

Daktari: Litamtosha. Ini lenye afya la mtoto asiye na maradhi mengine huweza kuondolewa hata sehemu yake kubwa, yapata robo tatu, na kilichobaki kikaongezeka kwa wiki na miezi mpaka kikakaribia kiasi cha mwanzo. Haliwi na umbo lake la kwanza. Hunenepa lile lililobaki. Yanayoweza kutokea ni mengine, na sitaki kukuficha: kijia cha nyongo kuvuja, jambo ambalo mara nyingi hukauka lenyewe kwa mrija, damu kurudi kutoka usiku wa kwanza, homa ya jeraha. Siwezi kukupa ahadi ambayo hakuna mpasuaji awezaye kuitimiza. Naweza kukwambia kwamba uvimbe huu ukitolewa wote, mtoto hupona, na huwa amekwisha nao.

Mweka Hazina: Mimi nimesikiliza, na naona mnazungumza kana kwamba mtoto huyu amezaliwa mlangoni pa hospitali. Semeni njia. Kutoka hapa kwenda hospitali ya Maweni ni kushuka Kigoma mjini, na Maweni atapewa rufaa. Rufaa ni Bugando, yaani Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, kisha Mwanza. Au ni Muhimbili, kilomita zaidi ya 1,200 kwa reli ile iliyofika Kigoma mwaka 1914. Kikundi chetu kimewahi kumchangia mwanachama nauli, na najua nauli si ya mtoto peke yake: ni mama, na mtu wa kumsaidia mama, na chakula chao, na mahali pa kulala siku mgonjwa yumo wodini na msaidizi hana ruhusa ya kukaa. Kadi ile ya bima ya mtoto, Toto Afya, ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Wengi hapa hawakuikata walipoweza, na mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa. Sera inasema mtoto chini ya miaka 5 hatozwi katika hospitali za umma. Ni kweli, lakini sera haipandi basi. Kwa hiyo nasema hivi: mtoto akifika huko mara moja, kila kitu kimalizike mara hiyo. Uvimbe wowote, wa maji, wa damu, wa fundo, mkaukate, arudi nyumbani amekwisha. Mkituambia "mrudisheni baada ya miezi 3 tumwangalie", mnajua hatarudi.

Tabibu: Hoja hii ni nzito, na ni mara ya kwanza naisikia kwa upande wa kisu. Kila siku naisikia kwa upande wa kukataa kisu.

Daktari: Nami ndiyo ninayoiogopa kuliko ya Maalim. Mama Mweka Hazina, chukua mfano mwingine. Binti wa miaka 13 anapigwa ultrasaundi kwa maumivu ya tumbo ya jambo jingine kabisa, na kwa bahati likaonekana fundo katika ini lenye kovu katikati, umbo kama gurudumu na spoku zake. Fundo hilo, likithibitishwa kwa picha nzuri, halitoki damu ila kwa nadra kupita kiasi, haligeuki saratani, wala halihitaji kitu. Kulikata ni kumpa binti mzima kovu la kutoka ubavu hata ubavu, na hatari ya kweli ya kufa, kwa ajili ya kumwokolea nauli. Siwezi kufanya hivyo. Uvimbe ndio unaoamua kisu, njia haiamui.

Mweka Hazina: Na uvimbe ukiwa wa aina nyingine inayofanana?

Daktari: Hapo umenibana, na nakiri kwamba umebana mahali penyewe. Ipo adenoma, ambayo huwapata wasichana waliokomaa, hasa wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango, na watoto wenye maradhi ya kuzaliwa nayo ya kulimbikiza sukari katika ini, na waliopewa dawa za homoni za kiume kwa upungufu wa damu. Hiyo hutoka damu kwa ghafla tumboni, na baadhi yake hugeuka saratani. Kuitenga na lile fundo lenye kovu huhitaji picha bora kuliko ultrasaundi, na wakati mwingine hata picha bora husita. Kwa msichana wa mjini, anayeweza kurudi kila baada ya miezi 6, nikiwa na shaka nitangoja na kuangalia. Kwa msichana wa Heru Juu, nikiwa na shaka ile ile, ikiwa uvimbe ni mkubwa, uko pembeni, na unakatika kwa usalama, sitangoja.

Maalim: Kwa hiyo njia inaamua!

Daktari: Inaamua penye shaka. Penye yakini haiamui.

Maalim akanyamaza kidogo, na mwandishi anaona kwamba hapo ndipo palipokuwa kiini cha mjadala wote. Kwa muda mrefu tumeaminishwa kwamba kuna tiba mbili, kukata na kungoja, na kwamba ya kwanza ni ya gharama na ya pili ni ya bure. Kungoja si bure hata kidogo. Katika vitabu vya uganga kungoja maana yake ni kuangalia: picha ya mwezi wa 3, picha ya mwezi wa 6, mkono uleule ukipapasa tumbo lilelile, na mtu anayelinganisha karatasi ya leo na ya juzi. Mtoto aliyeambiwa angoje, kisha akarudishwa mahali ambapo hakuna wa kumpiga picha wala wa kuilinganisha, hakupewa tiba ya kungoja. Ameachwa, ingawa barua yake ya kuruhusiwa ina muhuri. Nami nasimama na Daktari dhidi ya Mweka Hazina juu ya fundo lenye kovu, kwa kuwa hatuwezi kuwatoza watoto wazima damu yao kwa makosa ya barabara. Lakini nasimama na Mweka Hazina dhidi ya kila hospitali inayompangia mtoto wa milimani tarehe za kurudi pasipo kuuliza atarudi kwa nauli gani na kwa nani. Wakuu wa elimu ya tiba waliokusanya habari za dunia nzima mwaka 2015 walieleza kwamba watu bilioni 5 hawafikii upasuaji ulio salama wanaoweza kuumudu, na Tanzania ikatoa mpango wake wa taifa wa upasuaji, uzazi na dawa za usingizi wa mwaka 2018 hadi 2025. Mpango kama huo hupimwa kwa vitu vidogo: je, mashine ya ultrasaundi ya Kasulu ina mtu aliyefundishwa kutazama ini la mtoto mchanga, na je, mtu huyo yupo siku ya Jumatatu?

Maalim: Nimeacha nusu ya shaka zangu. Nusu nyingine ni hii: mmesema "yamkini si saratani". Yamkini! Mnampasua mtu kwa yamkini?

Tabibu: Ndiyo, na sababu yake ni kwamba umri ule ule wa uvimbe huu ndio umri wa saratani kuu ya ini la watoto, hepatoblastoma, ambayo nayo huja aghalabu kabla ya miaka 3, kwa tumbo lile lile lisilouma. Kipo kipimo cha damu, alfafetoprotini, ambacho katika saratani hiyo hupanda sana. Ila kina mtego. Mtoto mchanga mzima huzaliwa nacho kikiwa juu mno, makumi ya maelfu, kisha hushuka taratibu mpaka karibu na mwaka wa kwanza kutimia. Asiyejua kukisoma kwa umri wa mtoto ataiona saratani mahali isipokuwapo, na dawa kali zikaanza bila haja. Tena hamatoma yenyewe hukipandisha kidogo.

Mama: Basi si wachome sindano wachukue kipande?

Daktari: Wakati mwingine huchukuliwa. Lakini uvimbe wa mishipa ukichomwa sindano bila kujulikana unaweza kutoka damu pasipo kuzuilika, na uvimbe wa vifuko vya maji ukichomwa hutoa maji tu, yasiyosema chochote. Kwa mtoto kama wako, picha, umri na damu vikikubaliana, uvimbe hutolewa mzima, nao ndio unaokuwa kipande cha kupimwa.

Maalim: Na ule wa mishipa uliokataa dawa ya kunywa?

Daktari: Upo mlango baina ya dawa na kisu, wa kupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa kutoka kwenye paja, mpaka mshipa unaoulisha uvimbe, ukazibwa kutoka ndani. Muhimbili walianza kufundisha fani hiyo mwaka 2018 wakisaidiwa na madaktari kutoka Marekani. Kwa mtoto mchanga mwenye moyo uliochoka ni kazi ngumu, mishipa ni uzi. Lakini mlango umefunguliwa, na miaka michache tu kabla ya hapo haukuwapo nchini.

Mweka Hazina: Turudi kwa huyu. Nataka kujua anakwenda na nini mkononi. Maana nimeona watu wakifika Mwanza na karatasi imeandikwa "uvimbe wa tumbo", wakaanza upya tangu mwanzo, picha upya, foleni upya.

Tabibu: Atakwenda na barua nitakayoiandika mimi, na nitaiandika hivi: umri kwa miezi, si "mtoto mdogo", uzito wa leo na uzito wa kila kliniki tangu kuzaliwa, kutoka kwenye kadi yake, uvimbe uko chini ya mbavu za kulia, unashuka vidole vingapi, unapanda na kushuka anapopumua, hauna pengo la ukingoni kama bandama, hana manjano ya macho, mapigo ya moyo, kundi la damu. Na filamu ya ultrasaundi yenyewe, si maelezo yake tu. Nitapiga simu kabla hajapanda basi, nipate jina la wodi na siku ya kliniki ya wapasuaji wa watoto, asije akafika Ijumaa jioni akalala barazani hadi Jumatatu.

Daktari: Na tumbo lisipapaswe na kila mwanafunzi njiani. Wala asichanjwe. Chale zikiingia usaha, operesheni huahirishwa.

Mama: Bibi yake nitazungumza naye mimi. Je, wakishamaliza, tumerudi nyumbani, ndiyo mwisho?

Daktari: Bado. Kile kilichotolewa hupelekwa kwa mpima tishu, akakikata vipande vyembamba na kukitazama kwa darubini, na yeye ndiye mwenye neno la mwisho kama kilikuwa hamatoma tupu, na kama kingo zake zilikuwa safi. Jibu hilo huchukua wiki kadhaa. Wewe utakuwa umekwisha rudi Heru Juu, jibu liko kabatini Mwanza. Nimeona majibu ya namna hiyo yakikaa mwaka mzima, na katika moja ya majibu hayo lilikuwamo neno lililotaka mtoto arudishwe upesi.

Mweka Hazina: Nani hulileta?

Daktari: Kwa kanuni, hulifuata mzazi.

Mweka Hazina: Kwa nauli nyingine.

Tabibu: Si lazima. Kwenye barua ile ile nitaandika namba ya simu ya kituo chetu na namba ya mwenyekiti wa kitongoji, na chini yake nitaandika kwamba jibu la tishu litumwe kwangu. Nitaliulizia kila baada ya wiki 2 mpaka litoke. Picha ya kumwangalia atapigwa Kasulu, baada ya miezi 3, kisha miezi 6, kisha mwaka, na picha hizo nitampelekea Daktari mimi mwenyewe kwa simu, azilinganishe huko aliko.

Daktari: Zitume. Nitazisoma usiku huo huo.

Mama: Na likija jibu baya?

Tabibu: Likija lolote, baya au jema, nitapanda pikipiki nililete hapa mlangoni kwako siku hiyo hiyo, nikusomee mbele ya baba yake.